Utepe wa Ng'ambo

Ilikuwako nchi. Na akitokea mtu kusema haikuwako, tukubaliane naye upesi kwamba haikuwako, tusije tukaitwa kutoa maelezo.

Jina lake halitajwi hapa, na wala si kwa woga. Nchi ile ilikuwa imepewa jina jipya, zuri kweli, likachongwa kwenye jiwe la marumaru katikati ya mji mkuu, likafunikwa kitambaa cha satini, likawa linamsubiri Mtukufu Rais aje avute kamba. Kabla kamba haijavutwa, jina halijawa jina. Mtukufu naye alikuwa na shughuli nyingi. Basi wananchi wakawa wanasema "nchi yetu" tu, na wakishasema wanageuka kutazama nyuma.

Kulikuwa na Sheria ya Uzinduzi. Kitu chochote cha umma, kiwe kikubwa kiwe kidogo, hakikuruhusiwa kutumika kabla hakijakatiwa utepe na kiongozi mwenye cheo kinacholingana nacho. Choo cha shule kilikatiwa na katibu tarafa. Kisima kilikatiwa na mkuu wa wilaya. Vitu vya afya vilikuwa vya Waziri. Ama daraja, hilo lilikuwa la Rais peke yake, kwa sababu daraja linaunganisha taifa, na taifa haliunganishwi na mtu wa hivi hivi.

Msije mkasema nchi ile haikuwa na maendeleo. Yalikuwapo, tena yamefungwa vizuri. Kule Ng'ambo, upande wa pili wa Mto Lihulu, kulikuwa na kisima chenye pampu ya kung'aa, na utepe mwekundu kiunoni. Wanawake walichota maji dimbwini, hatua chache kutoka hapo, na wakiinama kuchota waliitazama pampu yao kwa fahari. Shule ilikuwa na choo cha matundu manane, na watoto walikwenda kichakani nyuma yake. Na mto wenyewe ulikuwa na daraja la zege, kingo zimepakwa rangi nyeupe na nyeusi, utepe umekatiza mbele. Kila mwaka Wizara ilituma mtu kuja kubadilisha ule utepe, maana jua la Ng'ambo hupausha. Watu walivuka majini, ubavuni mwa daraja, nguo wamezifunga kichwani, na mvua zikishika mto ukijaa walikaa kwao.

Huko Ng'ambo alikaa Somoe, mkulima wa mihogo na mbaazi. Mumewe alikwenda machimboni akamezwa huko huko, haijulikani na shimo au na mwanamke. Mtoto wake wa kwanza, Rajabu, alichukuliwa na surua mwaka wa mafuriko. Akabakiwa na mmoja, Mwanahiba, binti aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, anashika ukuta, anaanguka, anajicheka mwenyewe.

Siku moja ya kiangazi Somoe alivuka na mihogo yake kwenda soko la Bomani. Akapita karibu na kliniki, akasikia watoto wanalia ndani, kile kilio cha kuchomwa sindano, kikali, cha kuonewa, kinachoisha mara tu mama anapotoa ziwa. Akatua kapu. Akaingia, Mwanahiba mgongoni.

"Mtoto wa wapi huyu?" akaulizwa.

"Wa Ng'ambo."

"Aa, mama. Ng'ambo chanjo haijazinduliwa. Siku mkizinduliwa mtaletewa ya kwenu."

Somoe hakuondoka. Alisimama nje ya dirisha hadi mihogo ikaanza kunyauka, akisikiliza vilio vya watoto wa wenzake, na akaona wivu ambao hajawahi kumwonea mtu kwa nguo wala kwa mume. Laiti na wake angelia hivyo!

* * *

Mwaka huo surua ikarudi. Ilianzia vitongoji vya juu. Kwanza ilisemekana mtoto wa fulani ana mafua na macho mekundu, kisha vipele, kisha watu wakaonekana wanapita na majembe kuelekea makaburini, mara ya pili, mara ya tatu. Esha, jirani ya Somoe, mama wa Chande na wa kitoto kidogo kiitwacho Siwema, akaja akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwenzangu, mfiche mtoto. Mpeleke kibandani shambani, mkae huko. Bibi zetu walifanya hivyo."

Na Somoe alikuwa ameshafunga mzigo. Ameshaweka unga, chumvi na sufuria moja. Lakini siku hiyo hiyo, jamani, chanjo ikafika.

Ilivuka mto kichwani mwa Nesi Tekla, ndani ya sanduku la baridi, mfano wa deli la muuza barafu. Nyuma yake akavuka Bwana Lukindo, Afisa Itifaki wa Wizara ya Uzinduzi, akiwa amebebwa mgongoni na mgambo mmoja wa hapo kijijini, Kazumari, kwa kuwa suruali ya serikali hailowi. Watu wakapiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Sanduku likawekwa juu ya meza, kwenye kivuli cha ghala. Ndipo wakaona kwamba limefungwa utepe, mpana, wa rangi ya dhahabu, umekatiza juu ya mfuniko na kufungwa fundo kama ua.

"Ndugu wananchi," Bwana Lukindo akasema, "chanjo imefika, lakini haijafika. Itakuwa imefika pale Mheshimiwa Magoso, Waziri wetu wa Uzinduzi, atakapoukata utepe huu kwa mkono wake. Anakuja wiki hii. Msiguse."

Nesi Tekla akasogea. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, viatu vyeupe amevishika mkononi.

"Bwana Afisa, barafu iliyomo humu haina subira."

"Subira yavuta heri, Nesi. Imeandikwa ukutani Wizarani."

"Barafu haijasoma huo ukuta, Bwana Afisa. Na dawa hii ni kama maziwa. Ikipata joto, imekwisha."

"Basi Mheshimiwa ataizindua ikiwa hivyo hivyo," akasema Bwana Lukindo, tena kwa upole kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbo la vidonda na picha ya wajukuu kwenye pochi. Alichotumwa kulinda ni utepe, na utepe aliulinda.

Kisha akaanza kazi iliyomleta: kutafuta mtoto wa mfano. Huyo ndiye angechanjwa wa kwanza, mbele ya Mheshimiwa, mbele ya picha. Kina mama wakapanga mstari na watoto wao. Bwana Lukindo akapita akiwakagua. Huyu mbavu zinaonekana, ataleta maneno. Huyu ana kamasi. Huyu analia, na hakuna kilichomtia mtu aibu katika nchi ile kama kulia mbele ya mgeni rasmi. Alipofika kwa Mwanahiba, mtoto akamtazama, akamshika tai, akacheka na vimeno vyake vya mbele.

"Huyu!" akasema Afisa. "Huyu ndiye!"

Somoe akamnyanyua mtoto juu. Wa kwanza! Wanawake wakamkumbatia, wengine wakimbana kidogo zaidi ya inavyopasa, maana kijicho nacho kina mikono. Akarudi nyumbani akafungua ule mzigo wa shambani. Unga akaurudisha mtungini.

"Humfichi tena?" Esha akauliza.

"Nikimficha, nani atakuwa wa kwanza? Afisa amesema asiyehudhuria mazoezi ya mapokezi hachanjwi."

Esha akarudi kwake. Na Chande wake alikuwa ameshachaguliwa kwenye kwaya, kwa hiyo naye alikuwa na la kujivunia.

* * *

Mazoezi yakaanza. Katika nchi ile mgeni rasmi hakupokelewa kimya. Kimya kiliitwa uchochezi. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Jukwaa likajengwa kwa mbao zilizokuwa ziende kwenye paa la zahanati, zahanati ambayo nayo ilikuwa inasubiri jiwe lake la msingi. Na watoto wote wa Ng'ambo, wa kila kitongoji, wa juu na wa chini, wakakusanywa uwanjani waimbe *Mgeni njoo, mwenyeji apone*.

"Songeaneni!" Bwana Lukindo akawahimiza. "Bega kwa bega! Picha haipendi mwanya. Nataka mdomo wa huyu uwe sikioni mwa yule."

Wakasongeana. Wakaimba kwa nguvu zote, mate yanawaruka, jua utosini. Mstari wa mbele kabisa, juu ya kiti kilichofunikwa kitenge, aliketi Mwanahiba, mtoto wa mfano, Somoe amechutama pembeni akimpepea. Nyuma yake tu alisimama Chande.

Siku ya pili Chande akakohoa katikati ya ubeti. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Macho ya furaha," akasema Bwana Lukindo.

Siku iliyofuata Chande hakuja. Nesi Tekla alikuwa amekwenda kumwona kwao, akarudi mbio, kitambaa cha kichwani kimemteremka.

"Bwana Afisa, ni surua. Wavunje hawa watoto. Warudishe makwao, sasa hivi, nakuomba kwa jina la Mungu."

Bwana Lukindo akaikuna shingo. Akatazama kwaya. Akahuzunika, lo, alihuzunika kweli.

"Kwaya imepungua mmoja," akasema. "Mheshimiwa akikuta pengo atasema hatukuhamasika. Mleteni mwingine asimame pale."

Akaletwa mwingine, akasimama pale pale alipokuwa Chande. Kesho yake wakapungua wawili, wakaletwa wawili. Hivyo ndivyo kwaya ya Ng'ambo ilivyobaki imejaa hadi mwisho, sifa ambayo iliandikwa baadaye kwenye taarifa. Mgeni naye hakuja. Ilitangazwa kwamba Mheshimiwa atatuma mwakilishi. Kisha kwamba mwakilishi naye atawakilishwa. Kisha kwamba hapana, Mheshimiwa anakuja mwenyewe, ila wiki ijayo. Na mvua za juu zikafunguka, Mto Lihulu ukajaa, ukawa mwekundu, unabeba magogo, hakuna aliyethubutu kutia mguu.

Somoe akamvizia Nesi Tekla nyuma ya ghala. Alimkuta amekaa kitako karibu na meza, mkono juu ya sanduku kama anayesikiliza homa ya mgonjwa.

"Dada," Somoe akapiga magoti, "fungua. Mchome mmoja tu. Mchome Mwanahiba, kisha ufunge tena. Mimi ni kimya kama kaburi."

"Ningekuwa na uwezo huo ningefungua siku ile ile."

"Kitambaa tu hicho, dada! Kitambaa!"

"Mwenzangu mmoja, kule kusini, alifungua kabla ya mkasi. Sasa hivi anauza karanga stendi, na mumewe kamkimbia. Nina watoto wanne, Mama Mwanahiba."

Somoe akamtazama. "Wamechanjwa?"

Nesi Tekla akainamisha kichwa. "Wamechanjwa."

Sandukuni, kitu kidogo kilisikika kikiteleza, kipande cha barafu kilichokonda kinagonga ukuta wa bati. Baadaye hata hicho hakikusikika tena.

* * *

Asubuhi ya siku kuu Mwanahiba aliamka anachemka. Macho yake yalikuwa yamevimba, mekundu, yanatoa machozi, na hakutaka ziwa. Somoe alimwosha, akampaka mafuta, akamvisha gauni la sherehe, akijiambia ni meno, ni baridi, ni kijicho cha watu, chochote kile lakini si kile. Asubuhi kama hiyo mama hudanganywa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Bwana Lukindo alipomwona mtoto, uso ukamshuka.

"Mama, huyu hafai picha."

"Bwana mkubwa, ni joto dogo tu. Akichanjwa litashuka. Ulisema ni wa kwanza, ulisema mwenyewe, watu wote wamesikia!"

"Nimesema. Lakini Wizara ilifikiria mbele. Mambo kama haya hutokea. Usihofu, mtoto wa mfano mwingine yuko na msafara."

Mchana magari yakatokea ng'ambo ya pili, upande wa Bomani, marefu, meusi, mengi kuliko nyumba za kijiji. Mheshimiwa Magoso akateremka chini ya mwavuli. Akaja hadi kwenye daraja, akaona utepe wa Rais, akasimama kama aliyekanyaga nyoka. Mto chini unaunguruma. Wasaidizi wakanong'onezana. Ikaonekana wazi kile ambacho mtu yeyote angekiona toka mwanzo, nacho kikawashangaza wote: Waziri hawezi kupita kwenye daraja ambalo Rais hajalizindua. Angekuwa amemtangulia Mtukufu.

"Basi sanduku livushwe liende kwake!" Somoe akapaza sauti. "Hata kwa kamba!"

"Mama, tuheshimiane," akasema Bwana Lukindo. "Mkasi ndio unaufuata utepe. Utepe haufuati mkasi. Na sanduku nalo haliwezi kupita kwenye daraja la Rais."

Ikafungwa spika. Mheshimiwa akawahutubia watu wa Ng'ambo kutoka ng'ambo nyingine, sauti yake ikivuka mto kwa urahisi mkubwa.

"Ndugu zangu wa Ng'ambo! Kuna watu, tena wasomi, waliosema hamtafikiwa. Leo nawauliza: sijawafikia? Mnanisikia hamnisikii? Serikali yenu sikivu haibagui mtoto wa mjini na mtoto wa pembezoni. Mtoto wa pembezoni ndiye katikati ya moyo wetu. Nimeambiwa mna kiu ya chanjo. Nami nasema, kiu hiyo muitunze, ndiyo mtaji wenu!"

"Makofi!" Bwana Lukindo akaelekeza, mikono juu. Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaimba, sauti zimekauka, nusu yao wakikohoa penye kibwagizo. *Mgeni njoo, mwenyeji apone.* Somoe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa maji, mwanawe kifuani, akihisi ule moto unapita kwenye gauni la sherehe hadi ngozini mwake.

Kwa kuwa Mheshimiwa hakuweza kulifikia sanduku, na kwa kuwa hakuweza kurudi bila kukata, maofisa wawili wakashika utepe wa akiba huku na huku, pale pale walipo, hauna kitu nyuma yake ila nyasi. Mkasi ukaletwa juu ya kitakia. Mheshimiwa akakata. Kisha kwenye gari la nne akatolewa mtoto wa mfano, mwanasesere wa plastiki aliyevalishwa soksi, na Mheshimiwa akamchoma sindano bega la kushoto. Mwanasesere hakulia.

"Mmeona?" ikasema spika. "Huo ndio uzalendo."

Picha zikapigwa, magari yakageuka, na vumbi lilipotulia redio ilikuwa imeshatangaza kwamba watoto wote wa Ng'ambo wamefikiwa.

"Sasa ufungue!" Somoe akamkimbilia Bwana Lukindo. "Si amekata? Fungua!"

"Kilichozinduliwa ni zoezi, mama. Sanduku bado. Utepe wake si huu hapa mzima?"

Somoe akalisogelea sanduku. Kwenye pindo la kanga alikuwa na kisu chake cha kumenyea mihogo. Akakipitisha mara moja. Ule utepe wa dhahabu ukadondoka bila sauti, na Bwana Lukindo akatoa mlio kama ameguswa kidonda. Watu wakarudi nyuma. Nesi Tekla ndiye aliyesogea, akainua mfuniko.

Ndani mlikuwa na maji. Maji ya uvuguvugu, na vichupa vinaelea ndani yake kama mbegu za tikiti. Nesi akatia mkono akakishika kimoja, akakirudisha polepole.

"Mchome hivyo hivyo," Somoe akasema.

"Dada, hii haifai tena. Ni maji tu."

"Mchome hayo maji! Mchome, nimsikie analia!"

Nesi Tekla akamgusa Mwanahiba nyuma ya masikio, akaviona vile vipele, vidogo, vyekundu, vimeanza kushuka shingoni. Akaanza kulia yeye. "Hata ingekuwa nzima, sasa haimsaidii. Mkimbize hospitali Bomani. Kimbia, dada. Nisamehe, kimbia!"

Somoe akakimbia. Darajani alisimama Kazumari, yule mgambo, na rungu lake la serikali.

"Kaka Kazumari, nipishe."

"Dada Somoe, usinifanyie hivyo." Akautazama utepe nyuma yake. "Waziri mzima ameuogopa huu utepe. Mimi nani? Wakinifunga, mwanangu atalishwa na nani?"

Somoe akashika njia ya chini, akaingia mtoni hadi magotini, hadi kiunoni, na maji yakamzoa. Ni wanaume wawili waliomvuta kwa kanga, yeye na mwanawe, wote wamelowa. Bwana Lukindo alikuwa anaandika jina lake kwa kosa la kukata utepe, lakini hakulimaliza, akafunga kalamu.

Mwanahiba alikata roho kwao, kwenye mkeka, mama yake akimpepea kwa kipande cha boksi. Mto ulikuwa haujapungua bado.

* * *

Kaburi ni kitu cha umma, lakini Sheria ilisahau kulitaja. Hivyo Mwanahiba hakusubirishwa. Alizikwa siku ile ile, karibu na kaka yake.

Bwana Lukindo alikuwa bado amekwama Ng'ambo kwa ajili ya mto. Akaja makaburini, kofia mkononi, akasema ni wajibu wake kutoa salamu za Mheshimiwa. Masikini, alikuwa na hotuba moja tu, ile ya akiba ya siku ya uzinduzi. Akaisoma. Akawapongeza wana Ng'ambo kwa mwitikio wao. Akawapongeza hasa wazazi wa mtoto wa mfano. Alipofika mahali palipoandikwa wasubiri makofi, akasubiri. Na kwa mazoea, kwa mazoea tu ya wiki mbili za mazoezi, watu wachache wakapiga. Makofi mawili, matatu. Kisha mikono ikabaki hewani, hakuna aliyejua pa kuiweka.

Somoe aliigeukia ile mikono, akaitazama mmoja mmoja.

"Amesema amekata wapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza bei ya chumvi. "Yule mkubwa. Alisimama wapi alipokata?"

"Upande wa Bomani," mtu akasema.

"Na zoezi la watoto wa Ng'ambo limefunguliwa?"

"Limefunguliwa rasmi," akathibitisha Bwana Lukindo, afueni imemjia kwa kuulizwa jambo analolijua.

"Limefunguliwa Bomani. Basi tulifuate huko lilikofunguliwa."

Akaondoka makaburini. Hakupita kwake. Alipita kwa Esha, ambaye hakuja mazikoni kwa kuwa Chande alikuwa bado kitandani, hana uhai hana mauti. Siwema, yule mdogo, alikuwa ametengwa kwa bibi yake tangu kaka yake aanze kuumwa, na alikuwa mzima. Somoe akanyoosha mikono. Esha akatazama ile mbeleko iliyokuwa mgongoni mwa Somoe, imefungwa, haina mtu ndani, akaenda kumchukua mwanawe. Siwema akaingizwa pale palipokuwa na Mwanahiba.

Nyuma yao wakaja wengine. Kwanza mama mmoja, kisha mwingine, kisha njia ikajaa. Waliowabeba wenye homa na waliowabeba wazima walitengana wenyewe, wa mbele na wa nyuma, bila kuamrishwa, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa amejifunza mwanya una kazi gani.

Kazumari aliwaona wanakuja. Akaiona mbeleko, akamwona aliyemo si yule. Akageuka akautazama mto, rungu chini, kama mtu anayehesabu magogo. Somoe akatoa kisu cha mihogo. Utepe wa Rais ulikuwa laini kuliko ule wa Waziri. Ukakatika kwa kuguswa. Daraja lilikuwa zuri. Lilikuwa imara toka siku lilipojengwa.

Watu wa kliniki ya Bomani wakatoka nje kutazama. "Nyinyi wa Ng'ambo? Nyinyi mmeshachanjwa. Redio imesema."

"Tumekuja kuthibitisha," Somoe akasema.

Na kwa kuwa redio haiwezi kuwa imekosea, na kwa kuwa wanawake waliujaza ua hadi barabarani na hawakuwa na dalili ya kuondoka, jokofu likafunguliwa. Wenye homa wakapelekwa wodini. Wazima wakaingizwa mmoja mmoja, Somoe mbele.

"Jina la mtoto?"

"Mwanahiba," akasema Somoe.

Kalamu ikaandika.

"Hapana. Siwema. Andika Siwema."

Sindano ikaingia. Siwema akatulia kidogo kama anayeshangaa dunia ina watu gani, kisha akafumbua kinywa chake chote akalia, kilio kikali, cha kuonewa, kikatoka dirishani, kikafika uani. Somoe akamkumbatia. "Lia," akamwambia, uso umelowa, "lia mama, lia sana, lia na kilio cha mwenzio." Na Siwema akalia, hata alipopewa kidole anyonye hakunyamaza upesi.

Jioni walipokuwa wanarudi wakakuta darajani pameshafungwa utepe mpya, mwekundu, bado una harufu ya dukani. Katika nchi ile hicho ndicho kitu pekee kilichofika kwa wakati. Upande wa pili wa utepe alisimama Kazumari, bila rungu. Begani alikuwa amembeba mtoto wake, kichwa kimelala, pua inatiririka.

"Dada Somoe," akasema. "Kile kisu unacho?"

Somoe akafungua pindo la kanga, akampa.